Hii Imeandikwaje?

Dukani kwa mama, Ngamiani mjini Tanga, mteja wa kanga hakuanzia kwenye bei. Alivuta doti kutoka kwenye rundo, akaikunjua upande mmoja, akauliza, "Hii imeandikwaje?" Rangi aliweza kuipenda tangu akiwa barazani, lakini pesa aliitolea maneno. Kazi yangu wakati wa likizo ilikuwa kuwasomea wale ambao macho yamechoka au shule iliwapita, na kuandika kwenye daftari la mali kauli nani kachukua kanga gani, katoa ngapi, kabakiza ngapi. Mama hakuwa mtu wa namba za mzigo. Kila doti aliiita kwa jina lake. Basi daftari lilisomeka hivi: Barabara ya 12, mke wa fundi baiskeli, Hasidi hana sababu, doti 1, bado elfu mbili. Chuda, mama mkwe wa mwalimu, Wema hauozi, doti 2, kamaliza.

Nalitaja daftari hili kwa sababu ndilo lililoniingiza kwenye ajensi ya matangazo, na kwa sababu hazipiti siku nyingi bila kijana kuniandikia, "Dada, na mimi nifanyeje niingie huko?" Wengine siku hizi wananiita mama, naanza kuzoea. Jibu la WhatsApp huwa fupi na la kukatisha tamaa, kwa hiyo leo nimekaa chini nijibu kwa nafasi.

Nilimaliza Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na shahada ya ualimu, Kiswahili na Historia. Ajira zikachelewa. Asubuhi nafundisha tuisheni Sinza, mchana natembeza barua. Wakati ule maombi yalikuwa karatasi ndani ya bahasha ya kaki, unaipeleka kwa mguu wako. Masaki, Oysterbay, Mikocheni, Msasani: ajensi nyingi zilikuwa kwenye nyumba zilizojengwa kwa ajili ya kuishi watu, ukuta mrefu, geti jeusi, mlinzi. Mlinzi mmoja wa Msasani alikuwa akizipokea bahasha zetu kwa heshima zote na kuzitia kwenye boksi. Mara ya tatu nilipokwenda nilimkuta amelikalia boksi lile lile. Lilikuwa limejaa vizuri, linamfaa kabisa kama kiti.

Nilidhani kasoro iko kwenye barua. Kumbe nilikuwa nabisha hodi wakati ndani hakuna nafasi. Hili ndilo la kwanza kulijua kuhusu biashara hii na sikumbuki kulisikia likifundishwa popote: ajensi huajiri inapopata akaunti, yaani mteja wa kumfanyia matangazo, hupunguza watu inapoipoteza. Mteja mmoja mkubwa, wa simu au wa bia au wa benki, anaweza kuwa ndiye anayelipa mishahara ya nusu ya jengo. Akihama, nusu ya jengo inamfuata au inarudi nyumbani.

Mwishoni mwa 2010 kampuni ya simu ya Zain iligeuka Airtel, na watu walikuwa hata hawajamaliza kuacha kuiita Celtel. Mji mzima ukapakwa rangi upya: kuta, vibanda vya vocha, miavuli, mabango. Ajensi iliyokuja kuniajiri haikuwa na akaunti ile hata chembe. Lakini kubadilisha jina la kampuni nchi nzima kunataka mikono mingi, na watu wawili wa pale wakavutwa huko kwa mshahara mnono zaidi. Viti viwili vikabaki wazi, kimoja nikakipata mimi. Ndiyo maana kijana akiniuliza atume maombi lini, namwambia asome habari za biashara kabla ya kusoma nafasi za kazi. Novemba 2024, Tigo ilipogeuka Yas, niliwaambia wadogo zangu watume kazi zao wiki ile ile, na wazitume hasa kwa majirani wa waliopewa kazi ile, maana huko ndiko watu wanakong'olewa. Ukisikia benki mbili zinaungana, au kampuni ya vinywaji imeitisha pichi, ajensi zishindanie kazi yake, ujue kuna mtu karibu ataacha meza.

Basi nikapigiwa simu: "Njoo na kazi zako." Kazi gani? Nilikuwa na wiki moja na madaftari ya wanafunzi wa tuisheni. Nikapanda basi la Tanga. Mama alinipa daftari lililokwisha kurasa, lakini kwa shingo upande, kwa kuwa humo ndani kulikuwa na watu hawajamaliza kulipa. "Lirudi," akasema. Ndiyo dua aliyoniombea.

Tulikuwa watatu siku ya usaili. Wenzangu walikuja na kompyuta za mapajani, matangazo ya manukato ambayo hayapo duniani, wanamitindo wa Kizungu, maneno ya Kiingereza. Nilipoweka daftari langu mezani, jalada limevikwa gazeti, dada wa utumishi alinitazama jinsi unavyomtazama mtu aliyepanda gari lisilo lake. Mkuu wa ubunifu alikuwa mtu mzima wa Mombasa, kafanya kazi Nairobi miaka mingi kabla ya kuletwa Dar.

"Hiki ni nini, mwanangu?"

"Daftari la mali kauli, mzee. La duka la kanga."

Hakucheka. Mtu wa Mombasa humfundishi kanga. Ni mji wa Kaderdina Hajee Essak, yule wa kanga za Mali ya Abdulla, aliyeanza biashara 1887 na ambaye wengi humtaja kuwa ndiye mwanzilishi wa kutia maneno kwenye kanga. Mzee akapitisha kidole kwenye safu ya majina kama mkaguzi wa hesabu.

"Mbona hii Wema hauozi yakaa miezi, na Hasidi hana sababu yaisha kwa siku mbili?"

Nikamwambia nilivyoona. Wema hauozi mtu humnunulia mwenziwe, Hasidi hana sababu hujinunulia mwenyewe. Zawadi husubiri Idi na harusi. Ugomvi hauna msimu.

Akageuza kurasa kimya. Kisha akaweka kidole mahali. "Na hii Japo sipati tamaa sikati, mnunuzi umeandika 'mimi'. Mimi nani?"

"Mimi mwenyewe, mzee. Na bado sijalipa."

Hapo ndipo alipocheka. Akanipa karatasi niandike tangazo la redio la sabuni ya kufulia, sekunde 30, hapo hapo. Nikajaza ukurasa. Akavua saa, akaniambia nisome kwa sauti. Sekunde 52. Kata. Sekunde 44. Kata tena. Mara ya nne nikaingia, na sabuni ilikuwa imebaki na sifa moja kati ya tano. Tangu siku hiyo najua kwamba Kiswahili chetu ni kitamu lakini kina miguu mirefu: "tutakapowafikishia" ni neno moja tu na linakula muda wa sentensi. Kwa sekunde 30 maneno 60 hivi yanatosha. Ukifika 75, msomaji anaanza kukimbia kama mpiga mnada, na mteja atauliza mbona jina la bidhaa halisikiki.

Sasa nimekaa upande ule wa meza, na nafungua barua pepe badala ya bahasha. Karibu zote zinaniambia kwamba mwombaji ni mchapakazi, mbunifu, mwenye ari, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo na usimamizi mdogo. Siku hizi zimezidi kunyooka kwa kuwa mashine inasaidia kuandika, na zimefanana mpaka naweza kubadilisha majina juu yake na hakuna mwombaji atakayegundua. Sina ugomvi na mashine. Ila mtu anayeomba kazi ya kuandika, na barua yenyewe ya kuiomba hakuiandika, ananiachia maswali. Mke wa fundi baiskeli angeikunjua upande mmoja, aulize imeandikwaje, airudishe kwenye rundo.

Ninachotafuta ni kitu kimoja ulichokisikia kwa masikio yako na ukakifanyia kazi. Kimoja kinatosha. Vyeti nitavitaka baadaye, utumishi wakishafungua faili.

Kuna kijana wa Buguruni aliyenitumia picha 40 za maandishi ya nyuma ya bajaji na daladala. Picha za namna hiyo kila mtu anazo, nikataka kupita. Lakini chini ya kila picha aliandika aliyemuuliza na alichojibiwa. Alikuwa amekaa siku mbili na fundi anayechora maandishi yale, akamuuliza madereva wanaagiza nini, na wanakuja kufuta nini. Jibu la pili ndilo lililonifanya nimpigie: kwa maelezo ya fundi, maandishi ya majigambo hufutwa gari linapopata mmiliki mpya, ya dini na ya mama hayafutwi, mmiliki mpya anayarithi. Mtu wa namna hiyo ukimpa kazi ya kutafuta kwa nini watu hawabadilishi benki, atakuletea kitu. Tulimwajiri. Miezi sita ya kwanza alitutesa. Dedlaini kwake ilikuwa kama utabiri wa hali ya hewa. Sijutii.

Mwingine alinishinda kwenye chumba cha usaili. Tulikuwa na brifu, yaani maelekezo ya kazi, iliyoshuka kutoka nje kupitia Nairobi, kampeni ya bima, kaulimbiu ya maneno mawili ya Kiingereza, na sisi kama kawaida tumepewa siku moja "kuitia Kiswahili". Ofisini tulikuwa tumefika kwenye "Ishi Zaidi" na tumeanza kuizoea, kama harufu mbaya. Nikamwonyesha binti aliyekuja kwenye usaili, nikamuuliza anaionaje. Akasoma, akasema taratibu, "Samahani dada, kwani kuna mtu kaambiwa anakufa?" Nikarudi na swali lile lile kwa mteja. Kaulimbiu ikafa, binti akapata kazi. Nafasi yetu kubwa sisi wenye Kiswahili iko hapo. Brifu inafikiriwa kwa lugha nyingine, halafu inatufikia ikiwa imechelewa, tuivalishe. Anayeweza kusema mapema, na kwa adabu, kwamba nguo haimtoshi, anapata meza ya mbele. Na sikio ulijue mipaka yake pia. Mombasa na Nairobi watakuelewa ukisema "mteja" kwa maana ya mtu ambaye simu yake haipatikani, kwa sababu ya ile sauti ya "mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa". Dar ukisema "amekuwa mteja" watauliza amenunua nini.

Najua mnasubiri nifike kwenye koneksheni. Zipo. Nisiwadanganye. Lakini hata David Ogilvy, ambaye vyuo vya matangazo dunia nzima vinamtaja, alikuwa na ndugu ndani. Aliacha Oxford bila shahada, akapika jikoni katika hoteli ya Majestic, Paris, akarudi Uingereza kuuza majiko ya Aga huko Scotland, mlango kwa mlango. Kaka yake Francis alikuwa ajensi ya Mather & Crowther, London. Ungeweza kuishia hapo, useme ndiyo hivyo, mjomba. Ila alipopeleka maombi hakwenda mikono mitupu. Mwaka 1935 alikuwa ameandika mwongozo wa kuwafundisha wauzaji wengine wa Aga namna ya kuuza, na mwongozo ule ndio uliosomwa. Lilikuwa daftari lake la mali kauli. Ajensi yake mwenyewe, New York, aliianzisha 1948, akiwa amekaribia miaka 40. Kwa hiyo kama una shangazi mahali, mpigie, hakuna aibu. Shangazi anafungua geti. Baada ya hapo utaulizwa umekuja na nini.

Na geti si lazima liwe la waandishi. Kila mtu anataka ubunifu kwa sababu ndio unaoonekana kwenye runinga. Watu wa akaunti wanaoshughulika na mteja, watu wa mkakati, wanaonunua nafasi za redio na mabango, wanaosimamia uzalishaji: huko foleni ni fupi, na nimeona wengi walioingia kwa mlango huo wakavuka baada ya mwaka.

Sasa niseme la kuumiza. Kati ya ajensi yangu ya kwanza na ya pili nilikaa miezi bila kazi, nikaitwa usaili mahali ambapo sitapataja. Waliniambia nitengeneze kampeni nzima ya unga: kaulimbiu, matangazo matatu ya redio, bango, mpango wa maonyesho ya sokoni. Siku tano. Nililala saa chache, nikapeleka, wakasifu, wakasema watanijulisha. Kimya. Miezi mitatu baadaye niko ndani ya daladala ya Mwenge, dereva kafungulia redio, nasikia kaulimbiu yangu. Walibadilisha neno moja, na walilibadilisha vibaya. Niligeuka nikamwambia abiria wa kando yangu, mama mmoja na kapu lake, "Hiyo nimeandika mimi." Akanipisha kidogo, nadhani alijua nina matatizo ya akili.

Sikuwa na ushahidi wowote. Nilipeleka karatasi kwa mkono, bila tarehe, bila jina kila ukurasa, bila hata barua pepe ya kusindikiza. Tangu hapo nina tabia ambazo nakuachia. Mtihani wa saa moja au mbili mbele yao, fanya. Wakitaka kampeni nzima ya mteja wao wa kweli, omba wakupe bidhaa isiyo ya mteja wao. Mwajiri mwenye nia safi hatakosa kitu kwa hilo, maana anachopima ni kichwa chako. Wakikataa, waonyeshe wazo na mfano mmoja, uzalishaji wote ubaki nao wewe. Tuma kwa barua pepe hata kama umeshapeleka kwa mkono. Na uliza kama wanalipia. Sisi sasa tunalipia mtihani unaozidi nusu siku, si pesa nyingi, inavuka nauli na chakula cha mchana. Nilipigania hilo kwenye kikao kwa mwaka mzima, na aliyenipinga zaidi alikuwa mtu aliyewahi kufanyiwa yale yale. Alisema yeye alivumilia, na wao wavumilie.

Kwa wanaoanza kama frilansa, neno fupi tu. Mteja anamlipa ajensi baada ya siku 60 au 90, na ajensi inakulipa wewe mteja akishalipa; huo ndio ukweli hata wakikupa chai na tabasamu. Omba nusu kabla ya kuanza. Uwe na TIN, namba ya mlipakodi. Kwa Tanzania utakatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye malipo ya huduma, basi dai cheti chake, kwa kuwa hiyo pesa inahesabika kwenye kodi yako ya mwaka. Wengi wanaiacha ipotee hivi hivi.

Na usioe jina la ofisi. Nilikuwa na mwenzangu aliyejivunia kadi yake ya biashara kwa sababu ilikuwa na jina la mtandao mkubwa wa kimataifa. Majina yale nayo hufa. J. Walter Thompson ilikuwa na historia ya tangu 1864. Mwaka 2018 ikaunganishwa ikawa Wunderman Thompson, na miaka mitano baadaye ikatangazwa kuunganishwa tena, safari hii ikabaki VML, herufi tatu. Katika CV yako jina la ajensi liweke kwa herufi ndogo. Ulichoandika, kilitoka mwezi gani, na kilimfanya nani afanye nini, hayo ndiyo uyaeleze kirefu.

Mzee wa Mombasa aliondoka Dar baada ya miaka miwili, akarudi Nairobi. Daftari alikuwa ameniomba "aliangalie kidogo" siku ile ya usaili, likakaa kwenye droo yake, mimi ni mgeni kazini, nikaona haya kulidai. Alipofungasha likaondoka na vitabu vyake. Nilimwandikia, akajibu kwamba analionyesha kwa vijana wake wapya kila mwaka, na kwamba amelitia jalada la ngozi. Nilimweleza mama, nikidhani atafurahi. Akauliza kama ngozi hiyo imefunika na kurasa za nyuma, kwa sababu mke wa fundi baiskeli mpaka leo anasema alishamaliza zile elfu mbili, na yeye hana pa kuonyesha.